Gari la Kumpandisha Mama Gikondo

Leseni yangu niliipata mara ya tatu, na kwa miaka mingi nimeitunza mkobani pamoja na picha ya marehemu baba. Mara mbili za kwanza niliangushwa na mwinuko. Unasimamisha gari katikati ya kilima, askari mtahini amekaa kimya pembeni yako, kisha unatakiwa kuondoka bila gari kurudi nyuma hata shubiri moja. Mguu mmoja unaachia klachi taratibu, mwingine unatafuta mafuta, mkono unashusha breki ya mkono, na roho iko mdomoni. Nilipofaulu nililia mbele ya askari, mtu mzima mimi. Siku hizi wasichana wa ofisini kwetu Kacyiru wanafanya mtihani kwa gari la otomatiki na wanarudi na leseni chai yao haijapoa. Niliwaonea wivu, ila usoni niliuvalisha dharau.

Kwa bahati mbaya, nilipofaulu sikuwa na gari. Nilipanda basi kwenda kazini na kurudi nyumbani Kabeza, leseni imelala mkobani, miaka ikapita. Kilichoniamsha ni nyonga ya mama.

Mama alianguka kwenye pikipiki. Hakuvunjika, lakini tangu siku ile nyonga yake iligoma kupanda kilima, na mama yangu ana jambo moja tu analolipenda mjini hapa, nalo liko juu ya kilima. Kila Jumamosi mchana, katika kanisa moja Gikondo, hukutana na kina mama wenzake waliokulia Tanzania kama sisi. Wanasali kwa Kiswahili, wanaimba nyimbo walizotoka nazo Karagwe, halafu wanasengenya kwa Kiswahili hicho hicho, na nadhani hayo masengenyo ndiyo dawa yenyewe. Kinyarwanda cha mama ni cha zamani, watoto wa mtaani kwetu wanakicheka. Kule hakuna anayemcheka.

Mwanzoni nilimwitia teksi. Madereva wakifika chini ya ile barabara ya mawe wanatazama juu, wanatazama gari lao, wanamwomba ashukie hapo hapo. Mara ya mwisho alijaribu kupanda kwa miguu, akafika kwenye ukuta wa nyumba ya tatu, akakaa, akarudi. Alinieleza kwamba Mungu anasikia hata Kabeza. Miezi minne alisali akitazama geti letu, na kila Jumamosi saa nane alikuwa mkali kwa kila mtu.

Basi nikaamua kununua gari. Dogo, la kututosha sisi wawili na mfuko wa viazi.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye anaendesha pikapu mikoani na kwa hiyo anajiona profesa wa magari, alilipokea wazo hilo kama lake.

"Dada, chukua la gia," alisema. "Otomatiki ikifa hiyo giaboksi, umebaki na banda la kuku. Halafu wewe umefundishwa na mzee. Wewe ni dereva, si abiria aliyekalia kiti cha mbele."

Aliniweza hapo. Ni kweli baba ndiye aliyenifundisha, Karagwe, kwenye pikapu yake iliyokuwa na gia ngumu kama mlango wa ghala. Alikuwa akinifunga macho kwa kitambaa, gari limesimama, nisikilize injini nimwambie inataka gia ya ngapi. Kununua otomatiki niliona ni kama kumwambia baba kwamba alipoteza muda wake. Sikutaka hata kulijadili.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulihesabu. Watu tuliokulia Tanzania na Uganda tulijifunza upande mwingine wa barabara. Kule dereva anakaa kulia, na gia anaikamata kwa mkono wa kushoto. Hapa anakaa kushoto, na gia iko mkono wa kulia. Niliwahi kuizoea kwa ajili ya mtihani, nikaamini imekwisha.

Mdogo wangu alipata magari mawili kwa fundi mmoja wa Gikondo, mtu mpole mwenye ovaroli iliyosahau rangi yake. Moja la rangi ya majivu, la gia. Jingine jekundu, la otomatiki, ambalo mdogo wangu alilipita kana kwamba lina ugonjwa. Tulikubaliana nikalijaribu la majivu Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hiyo ilikuwa akili yangu: siku ya umuganda barabara zinanyamaza mpaka saa tano, watu wote wako kwenye kazi za mtaa, kwa hiyo nitajaribu gari saa tano kamili, kabla mji haujaamka. Mama akasema na yeye anakuja. Alivaa kitenge chake cha kanisani na ule mtandio mweupe ambao ulikuwa haujatoka sandukuni miezi minne. Alisema anakuja kuangalia gari tu. Mtandio ulisema mengine.

Fundi alinikabidhi ufunguo kwa mikono miwili. "Iyi gali iko safi, mama. Wewe enda buhoro buhoro tu. Mukecuru akae nyuma, iko nafasi." Buhoro buhoro ni polepole, na mukecuru, yaani bibi mzee, alikuwa mama.

Kwenye tambarare nilikuwa malkia. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, mdogo wangu pembeni anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikasema, haya, tupande kilima mpaka kanisani, tumalize kazi. Mama nyuma hakusema kitu. Nikakata kona, nikaanza kupanda mawe.

Kumbe akili yangu ya saa tano ilikuwa akili ya kila mtu, kwa kinyume. Umuganda unapomalizika, mtaa mzima unamwagika barabarani kwa pamoja. Katikati ya kile kilima nilikutana na watu wenye majembe na makoleo mabegani, wametanda njia nzima, wanapiga soga, na nyuma yao lori lililobeba saruji likishuka. Nikasimama. Nyuma yangu pikipiki mbili zikasimama karibu sana, nikaona kofia za madereva zimejaa kwenye kioo.

Lori likapita. Watu wakatupisha. Zamu yangu.

Nilikanyaga klachi, nikashusha breki ya mkono, na mkono wangu wa kushoto, mkono wa Karagwe, ukaenda kutafuta gia. Ukapata kishikio cha mlango. Nikakivuta kwa nguvu zote, kama baba alivyonifundisha, na mlango ukafunguka. Nikaona mawe yanapita chini yangu, yanakwenda mbele, na ilinichukua muda kuelewa kwamba sisi ndio tunaorudi nyuma. Miguu yangu yote miwili ilisahau kazi yake.

"Feri! Mama weee, feri!" alipiga kelele dereva wa pikipiki, akitaka nikanyage breki.

Mdogo wangu ndiye aliyeinyanyua breki ya mkono. Gari likasimama kwa mshtuko, injini ikazima. Pikipiki ya kwanza ilikuwa imeshakimbilia mtaroni. Hakuna aliyeumia. Mdogo wangu akaanza kucheka kile kicheko cha mtu aliyeogopa, watu wa majembe nao wakacheka, na mimi nikafunga mlango taratibu sana, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Nilimtazama mama kwenye kioo. Alikuwa ameshikilia mpini wa juu ya dirisha kwa mikono miwili, na mtandio ulikuwa umeangukia mabegani. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

"Turudi nyumbani, mwanangu," alisema.

Tulikuwa tumebakiza nyumba tano kufika kanisani. Mdogo wangu ndiye aliyeshusha lile gari. Nyumbani, mama aliukunja mtandio mara nne, akaurudisha sandukuni, akaniambia kwa upole kwamba kwa kweli ameshazoea kukaa nyumbani, nisijisumbue. Nilikwenda jikoni nikamenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba. Nilikuwa na hasira na mkono wangu, na mdogo wangu, na waliojenga mji juu ya vilima. Zaidi ya yote nilikuwa na aibu.

Mdogo wangu alipiga simu jioni. "Dada, ni mazoezi tu. Mwezi mmoja, miwili, mkono utanyooka. Usimwangushe mzee."

"Mzee yupi?" nilimuuliza. "Aliyekufa au aliye hai?"

Maneno yalinitoka tu. Baada ya kukata simu ndipo nilipoyasikia vizuri. Miezi miwili ya kunyoosha mkono ni Jumamosi nane, na mama hakuwa na Jumamosi za kuchezea. Baba alinifundisha kuendesha ili nifike ninakokwenda. Hakunifundisha ili nibaki na gia kama urithi. Nilijisikia mjinga, lakini ujinga mwepesi, ule unaoutua kama mzigo.

Jumatatu, saa ya chakula, niliaga ofisini nikaenda Gikondo peke yangu. Sikumwambia mtu. Fundi alikuwa chini ya gari, zimetoka buti tu.

"Nataka kujaribu lile jekundu," niliziambia buti.

Alitoka, akajifuta mikono, na wala hakutabasamu, Mungu ambariki. Alikaa pembeni yangu. Mimi nikaanza kutafuta klachi kwa mguu wa kushoto, nikakanyaga zulia.

"Huo mguu uache, mama," alisema. "Uko kwa likizo. Wa kulia peke yake ndiyo iko na kazi."

"Na kwenye kilima?"

"Kanyaga feri, simama. Ukitaka kwenda, toa feri, pa mafuta kidogo. Ntakibazo, hakuna shida."

Tukaenda kwenye kile kile kilima, kwa ombi langu. Nilisimama pale pale, mbele ya ule mtaro. Nikaachia breki. Gari lilisita kidogo, halafu likaanza kupanda, polepole, bila ugomvi wowote. Nilifika juu, nikageuza, nikashuka, nikapanda tena. Mara ya tatu nilisimama bila sababu yoyote, ili tu nione kama litarudi nyuma. Halikurudi. Nikaanza kucheka peke yangu, nikashindwa kuacha, na fundi akatazama dirishani kwa heshima mpaka nilipomaliza. Sijui kama nimewahi kusikia ahueni ya namna ile tangu nimalize shule. Nilimuuliza swali moja tu la mdogo wangu, kuhusu giaboksi, akanijibu kwamba nikibadilisha mafuta yake kwa wakati litaniheshimu. Nikalichukua.

Mdogo wangu alilizunguka mara mbili siku ya kwanza kuliona, akapiga tairi teke, akasema, "Haya, abiria." Tangu hapo ameshaliazima mara mbili, anasema ni kwa ajili ya mkewe.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia mama avae. Aliuliza kwanza.

"Ni kile kilima?"

"Ni kile kile."

Alikwenda sandukuni. Nilimfungulia mlango wa mbele, si wa nyuma. Nilitaka anione miguu, aone kwamba ni mmoja tu unaofanya kazi. Akajifunga mkanda, akaukamata mpini wa juu ya dirisha, midomo inasali chini chini, tukatoka Kabeza.

Karibu na Remera aliniuliza kama nimekula. Nikamjibu. Akaniuliza tena kitu kingine, nikamjibu hicho nacho, na mimi nikamuuliza habari za yule mama waliyegombana naye kuhusu sufuria za kanisa, nani alikuwa na haki. Hapo nikawa nimefungua bomba. Alianza tangu sufuria ziliponunuliwa. Tuliteremka kuelekea Gikondo mama akiwa amefika kwenye vifuniko, na ndipo nilipogundua kwamba ameachia mpini. Anahitaji mikono yake kusimulia.

Nikakumbuka ukimya wake siku ile ya gari la majivu. Nilidhani ni hofu. Haikuwa hofu peke yake. Alikuwa amenyamaza ili asinichanganye, kwa sababu aliniona nilivyokaza shingo, mzima nimekuwa miguu na mikono. Ningelinunua lile gari, labda kanisani tungefika baada ya miezi miwili, lakini njia nzima tungekwenda kama tunasindikiza jeneza.

Kwenye mawe, katikati ya kilima, gari lililokuwa mbele yetu likasimama kumshusha mtu. Nikakanyaga breki. Tukabaki tumeinama, pua ikitazama mawingu, na pikipiki nyuma yetu kama kawaida. Mkono wangu wa kushoto uliruka wenyewe, ukagusa mlango, ukaona haya, ukarudi kwenye usukani. Wa kulia haukuwa na gia ya kukamata. Ulikuwa umelala tu pale kati yetu.

Mama aliushika. Hakuutazama, alikuwa kwenye hadithi, amefika siku vifuniko vilipoonekana jikoni kwa mtu. Aliushika kama alivyokuwa akinishika tukivuka barabara Karagwe, kidole gumba juu ya vifundo vyangu, na akaendelea kusema.

Gari la mbele likaondoka. Pikipiki ikapiga honi.

"Mama, niachie mkono niendeshe."

"Si una mwingine," alisema, na akaendelea na vifuniko vyake.