Makaa ya Mwezi wa Sita

Watu wakisikia shahada ya uzamili ya uhandisi kemikali hudhani ni kusoma vitabu tu. Waje waniulize mimi Kwadwo, fundi wa maabara hapa Kumasi mwaka wa ishirini na mbili huu. Kwanza uwe na shahada ya kwanza yenye daraja la kuridhisha. Ukilikosa, unasomeshwa kozi za kuziba pengo mpaka ukome. Halafu mwaka mzima wa madarasa, semina mbili mbele ya wahadhiri wasio na huruma, utafiti, tasnifu, na mwisho kuitetea mbele ya watahini watatu, mmoja wao mgeni kutoka chuo kingine. Yote hayo ndani ya mihula sita. Wa saba hupewi ila kwa barua ya mtahini.

Pokuaa Ntiamoah alikuwa kwenye wiki ya mwisho ya muhula wa sita. Ni mwalimu wa kemia wa shule ya wasichana, mama wa watoto wawili, na kozi za kuziba pengo alizisoma zote bila kununa. Utafiti wake ulikuwa wa makaa ya maganda ya kokwa za chikichi: yanaweza kunasa zebaki inayotupwa mtoni na wachimba dhahabu? Alitengeneza mafungu matatu, mawili kwa asidi, la tatu bila asidi. Tasnifu ikasema la tatu limeshindwa vibaya, na kwamba bila asidi ni kazi bure.

Asubuhi ya utetezi alikuja maabara saa moja na nusu, kijidaftari mkononi.

"Mjomba, mwezi wa sita oveni ilikuwa nzima?"

Nilikuwa napanga soda na sambusa za watahini. Nikajifanya sijasikia.

"Mjomba Kwadwo! Nakuuliza."

"Ilikuwa imeungua waya. Kwani vipi?"

"Fungu la tatu nililipima mwezi wa sita, siku kumi na tisa mfululizo."

Makaa hunywa unyevu hewani, na mwezi wa sita hapa kwetu mvua hailali. Mafungu mawili ya kwanza aliyapima wakati wa harmattan, upepo mkavu wa jangwani, ngozi zinapasuka, na yalikaushwa kwanza kwenye oveni. La tatu halikukaushwa. Nani aliyemwambia, "Madam, makaa ni makaa, pima tu, utachelewa"? Ni mimi na mdomo wangu.

Akachukua chupa ya makaa ya mwezi wa sita iliyofungwa tangu vipimo vile, akapima gramu kumi, akaziingiza kwenye oveni. Tukakaa tukiitazama kama watu wanaongojea majibu hospitalini. Saa tatu kasorobo akazitoa, zikapoa, akazirudisha kwenye mizani. Gramu nane na nusu.

"Gramu moja na nusu ni maji," alisema. "Nililihesabia maji kama makaa, Mjomba; hatujui kama limeshindwa. Nimelionea."

"Sikiliza, mwanangu. Watahini wameshasoma, hakuna aliyeuliza. Ingia, tetea, toka. Utasahihisha ukishapata shahada yako."

"Na watu wa mtoni wanunue asidi kwa sababu yangu?"

"Muhula ni wa sita, Pokuaa! Wakikukatalia leo umekwisha!"

Akafunga kijidaftari, akaenda.

Mimi hubaki chumbani kuendesha projekta, kwa hiyo niliyaona yote. Alipofika kwenye fungu la tatu alisimama. Msimamizi wake, Daktari Nyantakyi, akamtolea macho aendelee. Yeye akasema taratibu kwamba vipimo vile vilifanywa bila kukausha makaa, na kwamba hitimisho la sura ya tano halina msingi. Akaonyesha namba za asubuhi ile.

Msimamizi wake akagonga meza.

"Sasa ndiyo unasema?" Daktari Nyantakyi alifoka. "Leo?"

"Nimejua leo, Daktari."

Mtahini wa nje, Profesa Agbodeka, mama mfupi wa Kiewe anayevaa miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, aligeuza kurasa polepole. "Nani aliyekuruhusu kupima bila kukausha?"

Nikanyanyuka kidogo kitini. Pokuaa hakunitazama.

"Mizani niliishika mimi, Profesa."

Nikakaa. Aibu niliyoiona pale sijawahi kuiona, na nimezika wazazi wote wawili nikiwa na madeni ya mazishi.

Profesa akatoa karatasi kwenye mkoba, akaigeuza mezani ili sote tuione. Ilikuwa fomu ya matokeo, imeshajazwa: amefaulu, marekebisho madogo. "Niliiandika jana hotelini," alisema. "Unyevu sikuuona. Ungenyamaza ungeondoka nayo." Akalikata neno amefaulu kwa mstari mmoja. "Rudia fungu la tatu lote. Kipimo cha leo hakiwezi kusemea siku kumi na tisa za mvua. Barua ya muhula wa saba nitaiandika mimi mwenyewe, leo."

"Asante, Profesa," alisema Pokuaa.

Nilitangulia kutoka kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka yeye ayaone. Barazani mama yake na walimu wenzake walikuwa wamejipanga, makopo ya poda ya kumwagia aliyeshinda yamefunguliwa. Waliniona uso umelowa wakadhani ni furaha. "Ameshinda! Fundi analia!" mama alipiga kelele, na kabla sijanyanyua mkono akanimwagia poda ya ushindi kichwani, usoni, mpaka ndani ya shati, huku wenzake wakipiga vigelegele.

Pokuaa akatokea mlangoni. Alinitazama nilivyokuwa mweupe, akamtazama mama yake.

"Funga kopo, Mama," alisema. "Nimeambiwa nirudie."

Vigelegele vikakatika. Mama yake aliniangalia akingoja nieleze, na poda ikazidi kuniingia machoni.