Mtu wa Kumi

Nilikuwa nimebakiza Pasaka tu kumaliza mwaka wangu wa mafunzo ya kuingia dini ya Kiyahudi. Pembe ya kondoo inayopulizwa mwaka mpya wao nilishaisikia. Siku ya toba nilifunga hadi nikaona vimulimuli, na siku za vibanda nilikula chini ya matawi huku mvua ikijaza sahani yangu. Kila Jumapili nilipanda treni kutoka Minto, kitongoji ninachoishi huku ughaibuni, zaidi ya saa nzima, kwenda sinagogi kusoma. Dada yangu aliyeko Tanga alinicheka kwenye simu: "Kaka, makanisa yote yamekuishia?"

Mwalimu wangu alikuwa mzee mjane. Nikikosea herufi, anagonga meza. Siku moja alifunga kitabu akasema, "Sina mtoto. Ukishapokelewa, wewe utanisomea Kadishi."

Kadishi ni dua ya wafiwa, na haisomwi bila Wayahudi kumi. Nikajibu upesi, "Nitasoma, mwalimu." Kuahidi rahisi, jamani!

Nilikuwa nimebakiza kusimama mbele ya waamuzi watatu wa dini, kisha kuzama kwenye maji ya kutakasa. Tarehe ilishapangwa. Korona ikaja, sinagogi likafungwa, na birika la maji nalo likafungwa. Usiku wa Pasaka nilikula mkate usiotiwa chachu peke yangu mbele ya simu, naye mwalimu kwenye kioo akinionyesha paji la uso tu, maana hakujua kukishika kile kidude. Nilicheka sana. Namshukuru Mungu nilicheka.

Wiki mbili baadaye moyo wake ukasimama.

Serikali iliruhusu watu kumi tu mazishini. Rabi, kiongozi wa sinagogi, alinihesabu miongoni mwao, kwa kuwa nilikuwa kama mwanawe. Kwenye lango la makaburi tukahesabiana: wao tisa, mimi wa kumi. Lakini mimi sikuwa bado Myahudi. Nikiingia, kumi ya serikali imetimia, kumi ya Kadishi haijatimia, na mwalimu wangu anafukiwa bila dua.

Hakuna aliyenifukuza. Wote waliangalia viatu vyao. Mzee mmoja wa sinagogi alikuwa ndani ya gari lake barabarani, amekuja kumuaga kwa mbali. Nikamgongea kioo. "Mzee, ingia wewe."

Aliposhuka nilimchukia. Niliwachukia wote: serikali, rabi, na hao waamuzi waliojifungia majumbani mwao. Nilimkasirikia hata Mungu, ambaye nimemfuata kwa treni mwaka mzima, akashindwa kunisubiri wiki chache.

Nikasimama nje, nimeshika uzio. Dua yote nilikuwa nimeihifadhi. Yeye ndiye aliyenifundisha, neno kwa neno, akigonga meza. Sikuisoma. Wenzangu walikuwa wamevaa barakoa na upepo ulivuma kuelekea kwao, hivyo sikusikia chochote. Nikawa naitikia amina kwa kukisia.