Kozi ya Kumi

Kila mwanafunzi aliyepita chuoni kwetu anamjua kwa jina la Mama Fani, na wengi hawana habari kama ana jina jingine. Anakaa dirisha la usajili, ghorofa ya chini, kati ya ngazi na choo cha wanaume, mahali ambapo mkuu wa chuo asingekubali hata mbuzi wake afungwe. Amekaa hapo miaka kumi na tisa. Mimi nimekaa nyuma yake, kwenye mafaili, miaka minane kati ya hiyo, kwa hiyo ninayoyasema sikusimuliwa.

Chuo chetu si cha kumfundisha mtu kazi moja. Mwanafunzi anaonjeshwa kila kitu, mashairi, nyota, mawe, namba, na mwisho wa mwaka wa pili anachagua fani moja ya kuzama. Fani ziko kumi na tisa, zimepangwa kwa alfabeti katika kijitabu, kila moja na namba yake. Hapo ndipo vijana huchanganyikiwa. Wanafika dirishani macho yamewatoka: baba anataka Uchumi, mtoto anataka Muziki, na fomu inafungwa saa kumi. Mama Fani hamchagulii mtu. Anauliza tu, "Darasa gani hukuwahi kutazama saa ukiwa ndani?" Akijibiwa anaandika namba, anagonga muhuri, kazi imekwisha. Wahadhiri wenye vyeti ukuta mzima hawakuwahi kufikiria swali hilo.

Wasichokijua vijana ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi. Mfanyakazi anaruhusiwa kusoma kozi moja kila muhula, bure, mradi iangukie saa ya mapumziko, saa saba mpaka saa nane mchana. Basi alisoma chochote kilichoangukia hapo. Muhula huu Mimea, ujao Historia ya Uchoraji, unaofuata Hali ya Hewa. Alikula mkate wake akitembea kwenye korido. Akafikisha kozi thelathini na moja, na shahada inataka thelathini! Lakini inataka pia kumi kati ya hizo ziwe za fani moja, na yeye alikuwa kama mtu aliyenunua vifungo vya kila rangi, visitoshe shati hata moja.

Fani iliyokaribia kutimia ni Falsafa, na ndiyo aliyoipenda. Alikuwa nazo tisa. Ya kumi ilikuwa Mantiki ya Pili, kozi ya lazima, inayofundishwa mara moja kila miaka miwili, na siku zote saa nne asubuhi. Binti yake alipoanza chuo kingine walitaniana nyumbani: "Mama, tuone nani atavaa joho kwanza." Binti akavaa joho, akaolewa, akajifungua, na mama bado anakimbizana na saa saba.

Sasa naingia mimi, na sehemu hii siipendi. Miaka mitano iliyopita msajili, bosi wetu, alimruhusu aende Mantiki saa nne, nami nikashika dirisha. Mwaka ule ilikuwa imeongezwa fani mpya, Elimu ya Mazingira, na namba zote zilizo chini yake zikasogea moja. Mimi nikatumia kijitabu cha zamani. Waliotaka Historia nikawatupa Hisabati. Vijana arobaini na mmoja! Kuna binti alikokotoa milinganyo wiki tatu huku analia, akidhani ndivyo historia inavyoanza. Mama Fani akatolewa darasani kuja kuzoa taka zangu, na msajili akaapa kwamba dirisha lile halitaguswa na mtu mwingine saa za kazi. Mama Fani hakunilaumu hata mara moja. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Mwaka jana likaja tangazo: Falsafa inafungwa. Walioianza watamalizia, wapya hawapokelewi, na Mantiki ya Pili itafundishwa mara ya mwisho muhula huo. Mama Fani akapiga moyo konde, akaingia kwa msajili. Mlango ulikuwa wazi, nilisikia.

"Mzee, ni saa moja tu, mara tatu kwa wiki. Ndiyo ya mwisho."

"Mama, wewe ndiye nguzo ya ofisi hii. Nikikutoa hapo, tumekwisha. Unakumbuka yale ya vijana arobaini na mmoja?"

"Nakumbuka."

"Sasa wewe mwenyewe niambie."

Ndivyo anavyompaka mafuta kwa mgongo wa chupa, miaka nenda miaka rudi. Nguzo! Nguzo ndiyo haitoki mahali pake, na bosi alijua anachosema.

Siku nne baadaye Mama Fani aliketi kuandaa ratiba. Ratiba ya chuo kizima ilikuwa mikononi mwake tangu zamani, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kujisogezea hata dakika moja. Safari hii alikata shauri. Akafuta saa nne, akaandika saa saba, mstari mmoja kati ya mistari mia mbili. Mwalimu wa Mantiki, mzee asiyejali saa wala siku, akasema kwake ni sawa. Mimi nilikuwa nimesimama na faili mkononi. Niliona, nikajitia hamnazo, na moyoni nilishangilia.

Tulisahau tumbo. Bwalo la chakula, ambalo zamani liligawa mpaka saa tisa, siku hizi hugawa saa saba mpaka saa nane, basi, ukichelewa umelala njaa. Waliojiandikisha Mantiki ya Pili wakawa wanne, wale wa Falsafa tu, wa fani nyingine walichagua chakula, na sheria inasema darasa lisilofikia wanafunzi wanane linafutwa. Mfanyakazi hahesabiwi. Ijumaa ya pili ya usajili orodha ya kozi za kufutwa ikaletwa dirishani, na muhuri wa kufuta anao nani? Anao yeye. Aliugonga. Kisha akaita anayefuata kwenye foleni.

Jumatatu akaja kijana mmoja mrefu, mwaka wa mwisho, fani yake Falsafa. Alikuwa mmoja wa wale wanne.

"Mama, kozi imefutwa. Bila hiyo sihitimu. Mkuu wa idara anasema nihamie fani nyingine, nianze moja, miaka miwili tena. Nyumbani nitasema nini?"

Mama Fani akaweka kalamu chini. Angeweza kumwambia ndiyo sheria, pole sana, ofisi zote hujibu hivyo.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyeihamisha," akasema. "Ilikuwa saa nne. Nisubiri hapo."

Akaingia kwa msajili akasema yote. Alipewa barua ya onyo, akanyang'anywa ratiba, na Mantiki ya Pili ikarudishwa saa nne. Kufumba na kufumbua, wakajiandikisha kumi na wawili. Nilimfuata kwenye mafaili nikamwambia, "Dada, acha nishike dirisha. Nitakagua kila namba mara tatu. Nenda."

"Mdogo wangu, barua imenikataza hata kuinuka kitini saa hiyo," akajibu. Nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu kilichomfunga pale ni makosa yangu mimi, na adhabu anatumikia yeye.

Darasa liko juu yetu, chumba cha kwanza ukipanda ngazi. Siku ya kwanza, saa nne, tulisikia viti vikiburutwa, halafu sauti ya mzee, halafu mlango ukafungwa. Mama Fani alikuwa akipokea fomu. Foleni ilikuwa ndefu na hakukosea hata moja, lakini kila mara sauti ya mzee ilipopanda kidogo, kalamu yake ilisimama.

Saa tano wakateremka. Yule kijana mrefu akaja dirishani, meno yote nje.

"Mama, umeniokoa. Sijui nikupe nini."

"Nipe kitu kimoja," akasema, akainama mpaka uso ukagusa kioo. "Niambie leo amefundisha nini."

Kijana akajikuna kichwa, akacheka.

"Ah, Mama, mambo ya kawaida tu. Kusema kweli sikusikiliza, nilikuwa natazama saa."