Sura Iliyoganda Kwenye Simu

Nakumbuka mchana mmoja kule Nyangoto, mwanangu, kabla mvi hazijanikuta. Nilikuwa nauza chakula kwa wachimbaji wadogo, na mama yangu, miguu imemlegea, aliishi peke yake mbali nami, huko Morotonga. Kijana wa kusajili laini aliniuzia bando la intaneti la mwezi kwa bei ya chini, akaniapia kwamba halina kikomo. Nilifurahi mno.

Nikamnunulia mama simu ya kioo. Kila asubuhi nampigia kwa video, naiacha wazi: mimi namwona, yeye ananiona. Ndipo nikafanya ujinga wangu. Wankuru, jirani aliyekuwa anapita kila siku kumwamkia na kumtazama, nilimwambia asijisumbue tena.

Siku hiyo mama alikuwa ameketi uani anapepeta ulezi, simu imeegemezwa kwenye ndoo. Nasonga ugali, namtupia jicho, ametulia. Nahudumia wateja, namtupia jicho, ametulia. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikamwona kuku pembeni yake. Alikuwa ameinua mguu mmoja, na tangu asubuhi hajaushusha. Kivuli cha mama nacho kilikuwa kirefu, ilhali kwangu jua lilikuwa utosini. Nikamwita, akanitazama tu.

Nilimpigia Wankuru simu ya kawaida, akakimbia. Alimkuta mama ameanguka chini, midomo imekauka, sauti imekwisha. Baadaye niliambiwa kwamba bando lilikuwa limefika kiwango fulani, likapunguzwa kasi, picha ikaganda. Maneno hayo yalikuwepo kwenye masharti tangu mwanzo, ila hakuna aliyenisomea. Nilikasirika sana.

Nilipofika, mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Nilikuita sana. Mbona ulikuwa unacheka?"

Kumbe na mimi nilikuwa nimeganda kwenye simu yake, meno nje, nikimtazama alivyolala. Mpaka anaingia kaburini hakukubali tena simu imwelekee usoni.

Mwanangu, intaneti nafuu ni haki yako, idai. Ukiambiwa haina kikomo, uliza ni kitu gani kitapungua na lini, wakujibu waziwazi kabla hujatoa hela. Na hata ukiipata ya kweli, usimzuie jirani anayekuja kumpigia mzazi wako hodi. Mungu akutunze, akuzungushie watu, na siku utakapoita, aitike mtu.