Sala Tuliyosali Koboko

Asubuhi ile mume wangu Yoasi alikuwa amelala chini ya lori lake, miguu tu ndiyo iliyoonekana, akimwambia mama yake kwamba nyonga ikipona atamrudisha kwao Aroi ameketi mbele kama mke wa waziri. Mama yake, Mama Yunia, alikuwa kwenye mkeka mlangoni mwa nyumba yetu ya Koboko, akichambua majani ya kunde. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi ya ghala la mtama huko kwao, akavunjika nyonga, nasi tukamleta kwetu ili awe karibu na zahanati. Hakuweza kusimama. Kwenda chooni nilimbeba.

"Mke wa waziri hachambui kunde," akajibu.

Yoasi alicheka mpaka akajigonga kichwa kwenye chuma.

Ilikuwa mwaka 1979, mvua za kwanza zimeshanyesha. Redio ilisema jeshi letu linashinda, lakini barabara ya kutoka Arua ilisema mengine. Kwanza yalipita magari madogo ya wakubwa, magodoro na majokofu yamefungwa juu. Yakafuata malori ya askari. Halafu wakaja askari wa miguu, wengine bila viatu, na hakuna aliyeimba. Wote walikuwa wanaelekea mpakani Oraba, kuvuka kwenda Sudani. Nyuma yao walikuwa wanakuja Watanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na ilisemekana kwamba hao wakifika watatumaliza sisi watu wa West Nile wote, kwa kuwa Rais alitoka kwetu. Yoasi alikuwa dereva wa tumbaku tu. Lakini nani angekuja kuuliza?

Mchana askari watano waliingia uani.

"Dereva iko wapi?"

"Ni mimi," Yoasi akasema.

"Washa gari. Tunakwenda Oraba."

Aliomba kumuaga mama yake. Mmoja wao akamsukuma kwa kitako cha bunduki, akamwambia atarudi leo leo, kuaga ni kwa nini. Yoasi akapanda. Mikono yake ilikuwa bado na grisi. Alinitazama juu ya mlango wa lori akasema kwa Kilugbara, ili wasimwelewe:

"Usimwache Mama."

Lori likaondoka. Hakurudi siku ile, wala iliyofuata.

Jirani yetu alikuwa Mama Feza, Mkongo aliyeuza samaki wa chumvi na mafuta ya mawese sokoni. Alikuja na mzigo kichwani na watoto nyuma yake.

"Erina, kuja twende Kongo. Mutu habaki hapa. Hata kuku nimebeba."

"Na Mama je?"

Alimtazama Mama Yunia pale kwenye mkeka, akaanza kulia. Hakuwa na mkokoteni wa kumbeba, wala mimi sikuwa nao. Alituachia samaki wawili na chupa ya mawese, akaenda. Ndani ya siku chache mji ulibaki na mbwa, vilema, wazee, na askari waliopita wakivunja maduka.

"Nenda na wewe," Mama Yunia akaniambia. "Mimi nimeshakula miaka yangu."

Nilimwambia sitaki kusikia maneno hayo tena. Tulifunga madirisha, nikasukuma kitanda mlangoni. Nilipika ndani kwa makaa machache ili moshi usionekane. Joto lilikuwa jingi, na harufu ya ndoo tuliyotumia kama choo haikutoka. Nyumba ya vyumba viwili, ambayo nilikuwa nikijivunia mabati yake, ikawa kama sanduku. Niliposikia injini barabarani nilifikiri ni Yoasi. Ilipopita, nilifikiri amekufa. Kisha inakuja nyingine, naanza upya.

Na nilisali. Nililelewa kanisani tangu mtoto, kusali nilijua. Nilisali nikipepeta unga, nikimgeuza Mama, nikiwa nimejifunika kanga kichwani. Nilimwambia Mungu habari za Oraba, na bunduki, na Watanzania, na unga unaokaribia kwisha, na jinsi mtoto asiyekuwepo bado atakavyozaliwa bila baba, maana hata mimba sikuwa nayo lakini nilikwisha kuihofia. Nikisema amina, naanza tena toka mwanzo.

Siku moja Mama Yunia akaniuliza kutoka kwenye mkeka wake:

"Erina, unasali au unagombana?"

"Nasali, Mama."

"Mimi nasikia mtu anampelekea Mungu mzigo, anamwonyesha, anaufunga tena, anarudi nao nyumbani. Kesho anauleta ule ule."

Nilikasirika. Nikamwambia ni rahisi kwake.

"Ni mtoto wangu," akasema polepole. "Nilimzaa shambani, mvua inanyesha. Usiniambie ni rahisi." Akanivuta mkono. "Mtaje jina lake mbele ya Mungu. Sema ni wako. Halafu funga mdomo. Moyo ukienda kumchukua tena, usigombane nao, mtaje tena. Mimi nafanya hivyo kutwa nzima. Ulifikiri nasinzia?"

Niliendelea kusali kwa namna yangu. Lakini asubuhi moja risasi zilianza upande wa soko.

Zilikuwa karibu. Moja ilipiga mabati.

Nilijilaza sakafuni kando ya Mama. Maneno yote niliyozoea yaliniishia.

Nikasema: Yoasi ni wako. Mama ni wako. Mimi ni wako.

Nikanyamaza.

Moyo ulikimbilia Oraba. Nikamtaja tena. Ukakimbia tena, nikamtaja tena. Sijui ni mara ngapi. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga, na risasi hazikukoma kwa ajili yangu. Ila wakati fulani nilitambua kwamba mvua inanyesha, na kwamba nina njaa. Tangu Yoasi achukuliwe sikuwa nimesikia njaa. Nilikoroga uji, tukanywa, na mchana ule ule, mji ukiwa bado unalia, nililala usingizi kichwa kikiwa kwenye mkeka wa mama mkwe wangu. Hofu haikuondoka nyumbani. Ilikuwa imeketi pembeni tu, haikunikalia kifuani.

Kilichoniamsha ni teke la mlango.

"Fungua! Mimi napiga risasi!"

Nilivuta kitanda. Askari alikuwa peke yake, bunduki mkononi, mkono wa pili unatoka damu.

"Nguo. Nataka nguo ya raia. Haraka."

Nilimpa shati la Yoasi na suruali. Alivua sare mbele yetu bila haya. Akajaribu kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, akashindwa.

"Kuja hapa," Mama Yunia akamwambia.

Nilidhani atampiga. Alipiga magoti kando ya mkeka. Mama akamfunga vifungo, kimoja kimoja, vya shati la mwanawe.

"Mama yako iko wapi?"

"Iko Yumbe."

"Nitaombea wewe ufike."

"Mimi ni Muislamu, mama."

"Mungu anajua," akasema, akamalizia kifungo cha shingoni.

Yule mtu alifunika uso kwa mkono mzima. Kisha akatoka, akatupa bunduki kwenye choo cha Mama Feza, akakimbia. Nikaichukua sare yake, iliyolowa damu, nikaisukumiza kwa kijiti kwenye choo kile kile. Ilikuwa haijazama yote niliposikia magari mazito yakiingia mjini.

Nilikimbilia ndani. Sikuwahi kurudisha kitanda.

"Hodi. Hodi wenyewe."

Askari hubisha hodi? Tulitazamana na Mama.

Aliingia mtu mrefu mwenye kofia ya chuma. Aliangalia chumba, akaangalia viatu vya kiume chini ya meza. Kisha akamwona Mama.

"Shikamoo, mama."

Kiswahili chetu cha Koboko, cha kambi na soko, hakikuwa na neno lile. Hatukujua linajibiwaje.

"Asante," Mama Yunia akasema.

Mtanzania yule alikaribia kucheka. Akaniuliza viatu ni vya nani.

"Bwana yangu. Dereva. Askari walichukua yeye na gari, wakaenda Oraba."

Alinitazama muda. Mikono yangu ilikuwa imetulia, jambo ambalo bado linanishangaza. Akasema, "Pole, dada," akatoka. Sijasahau hodi yake, lakini pia sijasahau nyumba nyingine, ambazo walioingia hawakubisha hodi.

Watu walipoanza kurudi kidogo kidogo kutoka Sudani, alikuja fundi viatu mmoja wa sokoni aliyekuwa amekimbilia Kaya, ng'ambo ya mpaka. Alikataa kuketi. Alisema lori la Yoasi lilikwama kwenye tope kabla ya kufika Oraba, siku ile ile walipomchukua. Askari walisema amelikwamisha makusudi. Walimpiga risasi kando ya gurudumu, wakaendelea kwa miguu. Watu wa pale walimzika karibu na barabara. Fundi mwenyewe alishika jembe.

Mama Yunia hakulia. Jioni nilipoweka chakula nilimngoja asali kama kawaida yake.

"Siwezi, mwanangu," akasema. "Sali wewe."

Nilisali mimi, maneno machache, hata sikumbuki yapi. Alinishika kiganja mpaka mwisho. Tangu siku ile hakusali tena kwa sauti, hadi alipofariki kwao Aroi, na kila jioni mimi ndiye niliyesali, naye akinishika hivyo hivyo.

Wenzangu kanisani huniuliza kama Mungu alinijibu kule Koboko. Huwa nawaambia nilipewa amani, na ni kweli, niliipata sakafuni risasi zikilia, na bila hiyo nisingeweza kumpa mtu shati wala kumtazama mwingine machoni. Kisha nawaambia yaliyobaki. Nilipomtaja Yoasi na kusema ni wako, alikuwa amekwisha kulala ardhini kando ya barabara ya Oraba muda mrefu. Mimi ndiye niliyekuwa bado nimemshikilia.