Mkrismasi wa Kwenye Kikaango

Mimi ni mfupi. Nalisema mapema ili mtu asije akanikatisha katikati ya maelezo. Kwenye saluni yangu pale Kiomboi kuna kreti la soda nyuma ya kila kiti, na wateja wageni huniuliza kama soda zipo za baridi. Nikishapanda juu ya kreti nasuka kama msusi yeyote, na wapo wanaotoka mbali kama Shelui kufuata mkono wangu. Ufupi wangu haujawahi kuninyima usingizi. Aliyeukosa usingizi ni baba yangu, na huko ndiko mti ulikotuletea balaa.

Mti wenyewe ni mkrismasi wa kawaida, hii hii miti inayopandwa kuzunguka makanisa na shule. Niliukuta umeota kwenye ufa wa ukuta wa kanisa letu Kinampanda, umejikunja kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Wazee wa kanisa walitaka kuung'oa kwa kuwa ulikuwa unapasua ukuta, nikauomba. Baadaye nikaona kwenye simu kwamba kuna nchi ambako watu wanafuga miti ya namna hiyo kwenye visahani. Wanaikata, wanaifunga waya, inazeeka bila kurefuka, na watu wenye akili zao timamu wanapanga foleni kwenda kuitazama. Nikasema kumbe! Mkasi, subira na kusimama mpaka kiuno kinauma, hiyo si kazi yangu ya kila siku? Nikaanza kuusuka. Miaka imekwenda mingi, mti umefika usawa wa goti langu, na goti langu halipo mbali na ardhi.

Wilaya ilipotangaza maonesho ya wakulima na wafugaji, bwana shamba mmoja alimleta mke wake kusuka, akauona mti dirishani. Aliuzunguka, akauinamia, akaniambia niulete. "Watu wamechoka kuangalia maboga," alisema.

Hapo ndipo nilipopandisha mashetani ya maandalizi. Mti niliuweka kwenye kiti cha mbele ya kioo, nikaufunga kitambaa shingoni majani yasidondokee kiti, nikaanza kazi. Wateja waliokuwa kwenye foleni waliambiwa wasubiri, kuna mtu kwenye kiti. Walisubiri, lakini si kwa kunyamaza. Mmoja alisema upande wa kushoto niupunguze, unamfanya aonekane mnene. Mwingine, mama mtu mzima kabisa, aliutaka mti ubadilishiwe mtindo, eti huo umepitwa na wakati. Waya nilipewa na fundi wa redio, wa shaba, ameutoa kwenye mota iliyoungua. Nikauzungusha kwenye kila tawi taratibu, na nilipomaliza tawi la juu nilijikuta nauliza, "Inauma?" Saluni nzima ikaangua kicheko. Niliwanunia mpaka mchana.

Chombo nacho kilinitesa. Nilitaka kitu kipana, kifupi, cha udongo, nikaenda kwa mama mmoja mfinyanzi nikachagua kikaango kizuri cha kukaangia karanga. Nilipomwambia anitobolee matundu chini, alikirudisha kwapani kama mtoto aliyetaka kuibiwa. "Kikaango kilichotoboka kitoke kwangu? Watu watasemaje?" Ilibidi niape kwamba nikiulizwa nitasema nimekinunua Itigi. Bado kulikuwa na suala la zulia, maana kwenye simu miti ile inatandikiwa ukijani laini chini, ule unaoota penye unyevu. Kwetu huku, kwa ukame huu, ukijani wa hivyo unaota sehemu moja tu niijuayo, chini ya bomba la jirani linalovuja. Jirani alikuwa ameshamwita fundi. Nikampigia magoti asitengeneze bomba mpaka nimalize kuvuna. Alinikubalia, ila tangu siku hiyo ananisalimia kwa sauti ya chini, kama tunavyowasalimia wagonjwa.

Kazi ilipokamilika niliuhamishia mti nyumbani Kinampanda ninakoishi na baba, nikitaka upumzike mbali na vidole vya wateja. Hilo ndilo lilikuwa kosa.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka kazini nikakuta kikaango kimeoshwa, kimeanikwa juu ya kichanja cha vyombo. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Mti wangu ulikuwa ardhini, katikati ya shimo pana lililojazwa samadi ya mbuzi, umemwagiwa maji hadi matope yamepanda shinani, umezungushiwa boma la miiba ambalo hata fisi angelifikiria mara mbili. Waya zote zilikuwa zimefunguliwa na kuviringishwa vizuri, zimewekwa juu ya jiwe. Baba alikuwa kwenye kigoda chake pembeni, anafuta jembe kwa gunzi, anang'aa kwa furaha.

Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtu mwingine ningemrarua. Lakini yule ni baba. Kwetu hasira iwe kubwa kiasi gani, inaanza na salamu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Za kazi?"

"Nzuri, baba. Za hapa?"

"Hapa kwema. Umeona?"

"Nimeona, baba."

"Nimeufungua. Walikuwa wameufunga mikono na miguu."

"Ni mimi niliyeufunga, baba."

Aliacha kufuta jembe. Nikamweleza taratibu, kwa heshima zote: maonesho, kikaango, nchi za watu, foleni. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijaizoea, "Mimi na mama yako tulihangaika ukue. Wewe unahangaika mti usikue. Nieleze, mama, nilikukosea nini?"

Inabidi niseme tulikotoka. Nilipokuwa mdogo, kila alizeti ilipovunwa baba alinisimamisha kwenye fremu ya mlango na kuchonga alama kwa kisu juu ya kichwa changu. Alama zilianza kupandana. Akanipeleka hospitali, akaambiwa mtoto mzima, ndivyo alivyo. Hakukubali. Nilinyweshwa maziwa mpaka ndama wa watu wakakonda. Nililishwa mlenda, dagaa, mayai ya kanga. Kila asubuhi alinining'iniza kwenye boriti ya zizi ili nivutike, na ng'ombe walikuja kunilamba nyayo. Mimi nilicheka sana siku hizo, nilidhani ni mchezo. Yeye hakuwa anacheza. Alama ya mwisho aliichonga, akaitazama, akaenda shambani bila kunywa uji, na hajawahi kulizungumza tena.

Kwa hiyo nilipolisikia swali lake, hasira yote iliniisha nikabaki na uchungu mtupu. Kumbe alipoutazama ule mti alikuwa ananiona mimi, na kila aliponiona mimi alikuwa anaona kazi iliyomshinda. Nilitaka nimwambie hakunikosea. Nikashindwa, nikaomba ruhusa ya kuuchimbua.

Mti uliopandwa na mkono wa mzee huung'oi kwa kujiamulia tu, hata kama ni wako. Baba alifikiri. Akasema sawa, uende huko kwenye maonesho yake, ila ukirudi, unarudi ardhini. Kikaango basi. Waya basi. Niliahidi, maana bila ahadi nisingeupata. Nikauosha mizizi samadi isije ikauunguza, nikaufunga waya upya nikiwa nimepiga magoti jikoni, nikitandika tena ukijani wa jirani uliokuwa umebaki. Baba alipita mara mbili kuchukua maji ambayo hayakuhitajika.

Siku ya maonesho alivaa koti lake la kanisani akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Kweli alikwenda kwa ng'ombe. Mimi bwana shamba alinitafutia sehemu akaikosa, kwa kuwa hakuna banda la miti iliyozeeka. Wakaniweka kwenye miche. Hebu fikiria: kulia kwangu miche ya miembe, kushoto miche ya mikorosho, katikati mti wangu mzee kwenye kikaango chake. Akaja mkaguzi na futi kamba.

"Mche una muda gani?"

"Kama miaka kumi na kitu."

Alinitazama kama anayetaka kunipa pole. "Mlitumia mbegu gani?" Akapima kimo, akatikisa kichwa, akanishauri nijaribu samadi. Nilimwambia tumeshajaribu.

Watu walipita. Mmoja aliuliza kama unazaa. Mmoja aliuliza ni dawa ya nini, na nilipomwambia si dawa akakonyeza, akasema anaelewa, atarudi watu wakipungua.

Mbele yetu lilikuwa banda la lishe. Pale dada mmoja mwenye kipaza sauti alikuwa anawafundisha akina mama kuhusu watoto kudumaa, na ana ule ubao wa kupimia urefu. Alikuwa mwalimu mzuri, lakini watu walikuwa wanamkimbia kwenda kwenye ngoma. Macho yake yakatua kwenye mti wangu. Akaja mbio, akaniambia "Naazima kidogo, dada," na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshakinyanyua kikaango juu ya kichwa chake mbele ya umati.

"Akina mama, tazameni! Huu ni mti mkubwa, umri wake zaidi ya miaka kumi. Wenzake wanapita mapaa. Kwa nini huu uko hivi? Ulikosa chakula! Ulikosa matunzo!"

Watu wakarudi. Hata wale wa ngoma walirudi. Nilimfuata nikimwambia aushushe, lakini nilikuwa nimefika usawa wa kiwiko chake tu, na kelele zilinizidi. Nikasimama pale chini ya mti wangu. Nikaona watu wanautazama mti, halafu wananitazama mimi, halafu mti. Mtu mmoja akaguna. Yule dada naye aliangalia chini, akaniona vizuri, na kipaza sauti kikashuka kutoka mdomoni. Mtoto wa watu, hakukusudia. Nilitamani ardhi ipasuke, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta pa kupitia.

Baba alitokea nyuma ya umati, koti limejaa vumbi la ng'ombe. Sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi. Watu walimpisha. Alinyoosha mikono miwili akakipokea kikaango, polepole, kama anavyopokelewa mtoto mchanga kwa mkunga. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Mwanangu," alimwambia yule dada, "huu haukunyimwa kitu. Umelishwa, umetunzwa, umesukwa na fundi. Mimi nimeuona ukitunzwa."

"Shikamoo, mzee. Samahani, mimi nilidhani umedumaa."

"Marahaba. Haujadumaa," baba alisema. "Umefika. Huu ndio urefu wake."

Alisema akiwa ananitazama mimi. Nililia palepale, katikati ya miche na maboga, kwa sauti, bila aibu yoyote, na yule mtu wa dawa akaniletea maji.

Zawadi hatukupata, tulikuwa wa mwisho kwa kimo. Tulirudi na bajaji, kikaango kikiwa mapajani mwa baba njia nzima. Tulipofika nilikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, nikaondoa miiba, nikachuchumaa kando ya shimo, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi.

"Unafanya nini hapo?"

"Naurudisha ardhini, baba. Tulikubaliana."

Alilitazama shimo, kikaango bado anacho mikononi.

"Hilo shimo panda papai," alisema, akauingiza mti ndani, na akainama chini ya fremu ile ya mlango kana kwamba mti ungegonga kichwa juu, ingawa ulikuwa na nafasi tele ya kupita.