Kwata Mpaka Kuluba

Shule niliiacha mapema, lakini Arua nzima hakuna aliyewahi kunishinda kwa kutembea. Ndiyo maana nilicheka wiki jana kwenye dirisha la dawa pale Koboko, daktari alipomsifu askari mmoja mstaafu.

"Mzee, presha imeshuka. Mwaka jana ulikuwa unabebwa. Endelea kutembea, ukikaa tena, utakufa."

"Mimi iko piga kwata kila asubuhi mpaka Kuluba," mzee akajibu, akainua vidole vinane. "Na wenzangu nane."

Daktari akashusha sauti. "Wale nane ulishawazika, mzee."

"Ndiyo. Sasa mimi nikikaa, nani ataitia wao kwata?"

Nikadakia, "Afande, kesho nakuja. Nitakuacha mbali!"

Asubuhi ilikuwa na ukungu, na barabarani tulikuwa wawili tu. Mzee akaita, "Kushoto, kulia!" Nyuma yetu changarawe ikalia kwa buti nyingi, hatua moja.

"Wacha kuangalia nyuma, kijana. Utaharibu mstari."

Kabla ya kufika Kuluba pumzi iliniishia, nikasimama. Buti zikanipita kushoto na kulia, na sikuona mtu. Mzee akasema bila kugeuka, "Pumzika tu, kijana. Huku nyuma nafasi yako iko."

Tangu hapo, huku kwetu Arua, kila siku natembea haraka kutoka Ediofe hadi sokoni, jua likiwa limetoka vizuri. Nanyi wasomaji mnaoshinda mmekaa vibarazani, inukeni. Mzee alishaniuliza majina yenu.